Mafundo Kumi na Matatu ya Nyidron

Saa mbili asubuhi, jua bado halijashuka hadi uani kwa Nyidron. Liko kule juu kwenye theluji ya mlima wa Shargo, linateremka polepole. Nyidron amekaa juu ya gunia la unga wa shayiri, magoti pamoja, na anapiga mafundo.

Kamba ni mbili, nyeusi, za manyoya ya yaki, unene wa kidole kidogo cha mtoto. Amezipima kwa kiganja na kuzikata sawasawa. Kila fundo analolipiga kwenye kamba ya kwanza analipiga pia kwenye ya pili, kisha analikaza kwa meno. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

"Hesabu tena, dada," anasema Kesang, mpishi wake, akisukasuka chai ya siagi kwenye pipa la mbao.

"Nimeshahesabu."

"Mara tatu tu. Jana siku zenyewe ulizihesabu mara tano. Au leo umekuwa hodari?"

Nyidron hacheki, lakini anahesabu tena.

Ana miaka hamsini na mmoja. Kazi yake ni kupanga safari za miguu kuvuka milima inayoizunguka Drachu, kijiji chake hapa upande wa Kham. Ndiye anayeamua wageni walale wapi na siku ngapi, wabebe nini, na nani alete yaki, wale ng'ombe wa milimani ambao manyoya yao yanaburuzika chini na wanaopumua vizuri mahali ambapo farasi anatetemeka.

Wageni wake ni walimu na wauguzi kutoka miji ya Chengdu na Xining, watu wazima wenye mapafu ya bondeni. Huwalaza Drachu usiku mbili, kwenye mita elfu tatu na mia saba, na kuwanywesha chai ya chumvi hata kama inawakunja uso. Mchana huwapandisha mlimani, jioni huwashusha walale chini.

"Damu ni kama mgeni," anasema. "Ukiisukuma mlangoni inagoma. Iache isimame kidogo, itaingia yenyewe."

Safari moja humwachia kama yuani elfu tatu, na kwa mwaka hupata mbili, akijaliwa tatu. Zamani alipata zaidi, kwa sababu zamani wageni wake walivuka mlango wa Shargo, pale njia inapopita juu ya mgongo wa mlima kwenye mita elfu tano na mia tatu, wakashukia kijiji cha Yarshod upande wa pili. Ni miaka sita sasa hajawavusha. Huwafikisha ziwani, wanapiga picha, anawarudisha.

Mwaka huu anataka wavuke. Wageni wanane wameshakubali. Lakini Shargo haivukwi bila wanyama wa Yarshod, na leo ndiyo siku aliyowaomba watu wa Yarshod wamjibu. Wakikataa, anasema, ataacha kazi hii alime shayiri yake basi.

Mtu wa Drachu haelezwi kwa nini. Wanyama wa Drachu hawali nyasi za Yarshod, wala wa Yarshod hawali za Drachu. Ndivyo walivyopatana mababu, na damu ilikwisha kumwagika kabla hawajapatana. Kwa hiyo yaki wa Drachu hufika chini ya Shargo, penye jiwe jeupe, wakashushwa mizigo na kurudi kwao siku hiyo hiyo. Wa Yarshod huvuka mlango kuja kuipokea. Kila kitu kinategemea pande mbili zifike jiwe jeupe siku moja.

Miaka sita iliyopita Nyidron aliwaandikia Yarshod karatasi, akampa mchuuzi wa chumvi aipeleke. Aliandika: njooni tarehe kumi ya mwezi wa nane.

Kalenda yetu inafuata mwezi, na mwezi hauna haraka wala adabu. Kuna tarehe zinazorukwa, na kuna tarehe zinazokuja mara mbili. Mwaka ule mwezi wa nane ulikuwa na kumi mbili, moja leo na nyingine kesho yake. Drachu huihesabu ya kwanza kuwa ndiyo. Yarshod, kwa mazoea ya monasteri yao, huihesabu ya pili.

"Nilijua ziko mbili," anasema Nyidron. "Kalenda ilikuwa imefunguliwa hapa, magotini pangu. Nikaona kumi, nikaona kumi nyingine, nikaandika kumi. Nilidhani dunia nzima inahesabu kama kwetu."

Simu? Kule Yarshod mtandao unapatikana kwenye kilima kimoja tu, na mwezi wa nane watu wote wako malishoni.

Aliyewaongoza wageni siku ile alikuwa mumewe, Gyurme, mzaliwa wa Yarshod, aliyekuja kuoa Drachu na kubaki. Alifika jiwe jeupe na wageni sita. Mizigo ikashushwa, yaki wa Drachu wakarudi. Adhuhuri, hakuna mtu. Alasiri theluji ikaanza.

Gyurme alidhani wenzake wamekwama juu. Aliwaambia wageni wakae ndani ya mahema, yeye anakwenda hadi kwenye rundo la mawe pale mlangoni, achungulie, arudi wanywe chai. Hakurudi.

Wenzake hawakuwa wamekwama. Walikuwa nyumbani wanakaza matandiko, maana kwao safari ilikuwa kesho.

Asubuhi yake Thubga, kaka mkubwa wa Gyurme, alipandisha yaki kumi na mmoja kutoka Yarshod. Alifika siku yake barabara. Alimkuta mdogo wake ameketi chini ya rundo la mawe, upande wa Yarshod, magoti pamoja, kofia imejaa theluji. Alikuwa amevuka kuwatafuta.

Thubga aliwashusha wageni wote sita salama. Kisha akaja Drachu na maiti, akasimama uani hapa hapa, akamuuliza Nyidron neno moja: "Uliandika kumi ipi?"

Tangu siku hiyo hakusema naye tena.

"Kuuliza si ujinga," anasema Nyidron, akizikunja kamba zake mbili. "Mimi sikuuliza. Wino wa kuandika 'ya kwanza' ungekuwa kiasi gani?"

Jua limefika uani. Watu wa Drachu wamekwisha panga mizigo kumi na minane mstari mmoja: mahema, magodoro, mitungi ya oksijeni, masanduku ya mboga, nyama kavu, magunia ya unga. Nyidron anapita na mizani ya mkono, maana pande mbili za mnyama zisipolingana mgongo unachubuka. Kwenye mzigo wa tisa anatoa kopo la siagi, kwenye wa kumi analiweka.

Hapa mnyama wa nani abebe nini haiamuliwi kwa mdomo. Kila nyumba iliyokubali kwenda hutoa kigwe kimoja, ule mkanda wa kufumwa unaofunga buti chini ya goti. Vigwe hutiwa kofiani, na mtu asiye na mnyama hata mmoja huvitoa bila kutazama, akiweka kimoja juu ya kila jozi ya mizigo. Kigwe chako kikikaa juu ya masufuria, utabeba masufuria, na hakuna wa kununa.

Asiye na mnyama ni Kesang. "Umaskini wangu una cheo," anapenda kusema.

Lori la mchuuzi linafika karibu na saa nne. Barabara ya kuzunguka kutoka Yarshod ni siku mbili, na anayeshuka amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Nyidron alitarajia kijana yeyote wa Yarshod. Aliyeshuka ni Thubga.

Ana miaka sitini na mitatu, na meno yake yanahesabika. Anasimama uani. Hakuna anayemkaribisha kwa sababu hakuna anayekumbuka kufanya hivyo, ila Kesang.

"Karibu chai, baba."

"Sinywi."

"Ya siagi mpya."

"Nimesema sinywi."

"Basi nishikie tu bakuli, mkono umechoka."

Thubga anashika bakuli. Halafu anakunywa. Kesang anamjazia, na mara ya tatu habishi.

Akimaliza anaingiza mkono ndani ya kanzu yake ya ngozi ya kondoo, anatoa vigwe na kuvilaza juu ya gunia. Nyidron anavitazama. Yarshod ina nyumba tisa zenye yaki. Vigwe ni vinane.

"Shemeji," anasema, na sauti yake ni ndogo. "Ni vinane."

"Najua kuhesabu," anasema Thubga. Ndilo neno la kwanza kwake baada ya miaka sita.

Anaingiza mkono tena, upande wa moyo. Kigwe cha tisa kimefumwa kwa nyekundu na kijani, na rangi yake imepauka. Ukingoni kuna mahali uzi umeruka. Nyidron ndiye aliyeurusha. Alikifuma mwaka wa kuolewa kwake, taa hafifu na mikono ina haraka, na Gyurme alikivaa miaka ishirini na mitatu akimtania kwa kosa lile.

"Nilimvua siku ile nilipomfunga blanketi," anasema Thubga. "Changu mimi kimekatika. Hiki bado kinafunga."

Nyidron anakigusa palipokosewa, anakirudisha. Kesang, ambaye siku zote ana la kusema, anavua kofia na kuikung'uta muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Vigwe vinatiwa. Kesang anageuza uso kuelekea ukutani na kuanza kutoa. Cha kwanza juu ya mahema. Cha pili juu ya unga. Chekundu na kijani kinatoka cha sita, kinaangukia masufuria na majiko, mzigo unaogongana njia nzima na kumtia mnyama wazimu.

Kisha mzee mmoja wa Drachu anasema, "Hata sasa! Masufuria yamemfuata."

Maana Gyurme alikuwa mtu wa kulalamikia masufuria kila safari. Uani pote watu wanacheka, na wengine wanajifuta macho kwa mikono ya kanzu. Thubga hacheki, lakini anakinyoosha kigwe juu ya masufuria.

"Atabeba dume langu jeusi," anasema. "Huyo ni kiziwi."

Halafu anamgeukia Nyidron. "Siku ipi?"

Nyidron anampa kamba moja na kubaki na ya pili. "Mafundo kumi na matatu, sawasawa na yangu. Siku saba za kungoja wageni na kuwazoesha hewa, tano za kutembea. Ya kumi na tatu ni jiwe jeupe. Kila asubuhi kabla ya chai fungua moja. Asubuhi ukifungua la mwisho, vuka. Tarehe waachie watawa."

Thubga anaipitisha kamba vidoleni, fundo kwa fundo, midomo ikienda. Anafika mwisho, anarudi mwanzo.

"Leo inahesabiwa?"

Nyidron anamtazama. Hilo ndilo swali ambalo miaka sita iliyopita hakuna aliyeliuliza, hata yeye mwenyewe.

"Inahesabiwa, shemeji. Leo ni ya kwanza."

"Tumeshakunywa chai."

"Leo tu. Tufungue pamoja."

Wanakaa juu ya gunia moja, kila mtu na kamba yake. La Nyidron linafunguka. La Thubga linakataa, limekazwa kwa meno, naye meno ya kulifungulia hana. "Ulikuwa unafunga mwizi?" anauliza. Nyidron anainama analilegeza kwa meno yake, anamrudishia amalizie mwenyewe.

Safari hii Nyidron hatabaki Drachu akingoja habari. Buti zake ameshazipaka mafuta. Atatembea na wageni hadi jiwe jeupe, na kabla yaki wa Yarshod hawajafika atapanda hadi kwenye rundo la mawe, mahali ambapo hajawahi kufika tangu siku ile, aongeze jiwe moja, kama afanyavyo kila anayevuka.

"Nataka niketi pale alipoketi," anasema. "Nitazame chini upande wa Yarshod, nione wanakuja."

Anaining'iniza kamba msumarini kando ya mlango. Ya Thubga imekwenda ndani ya kanzu, upande wa moyo, kilipokuwa kimekaa kile chekundu na kijani. Zote mbili zina mafundo kumi na mawili.