Neno "Inadhaniwa"

Mke wangu Corliss alikuwa msimamizi wa picha za Kimarekani katika jumba la sanaa la mji wetu, hapa Ohio, kwa miaka thelathini na moja. Mimi nilikuwa seremala wa jumba hilohilo, chini kabisa, nikitengeneza makasha ya kusafirishia picha. Yeye alisoma mpaka mwisho wa masomo. Mimi niliacha darasa la saba, baba alipovunjika nyonga. Watu walimuuliza amenipendea nini. Aliwajibu kwamba nilimtengenezea kasha ambalo halikupitisha hata vumbi.

Kazi yake watu hawakuielewa. Walidhani anatembea na viatu vizuri akitazama picha. Muda mwingi alitazama migongo ya picha. Misumari, gundi, mbao, maandishi ya penseli. Akishajua alichotaka kujua, anaandika kibandiko, kile kikaratasi cha ukutani pembeni ya picha. Maneno yasizidi sabini.

"Maisha ya mtu mzima, Delmar, kwa maneno sabini," alisema. "Na nusu ya hayo wakubwa wanataka yawe majina ya waliotoa picha kama zawadi."

Vibandiko vyote aliviandikia jikoni. Akimaliza ananipa nisome kwa sauti. Nikikwama anachukua penseli, analifuta lile neno. Mwanzoni niliona haya, nikamwambia atafute mwenye akili.

"Neno ndilo bovu, si wewe," akasema. "Endelea."

Picha moja ilimkaa moyoni. Ni mwanamke mkavu mwenye kofia nyeupe, anamenya tofaa, na ganda linaning'inia halijakatika. Imechorwa juu ya ubao. Kibandiko cha zamani kilisema mchoraji hajulikani. Corliss alikuwa akipita hapo ananuna.

"Hajulikani na nani?" aliniuliza. "Mamaye hakumjua?"

Mwaka tisini na saba bikizee mmoja, Arvilla Lamb, alimwandikia kwamba ana sanduku la nguo la zamani la ukoo wao. Tukaenda shambani kwake, mwezi wa tano. Ndani ya kifuniko paliandikwa kwa rangi: Thirza Lamb alinitengeneza, 1836. Herufi zilipambwa kwa tofaa dogo, na ganda lake linaning'inia. Corliss aliyapiga picha maandishi yale kila upande mpaka filamu ikaisha.

Mimi sikuwa na la kufanya. Nikaingiza mkono chini ya sanduku, kama fundi anavyofanya. Mbao zilishikwa kwa vigingi vya mti, si misumari. Kigingi kila fundi anakichonga pande nane. Hivi vilikuwa na pande saba, na kisu kilipita kutoka kushoto. Nikavihesabu tena kwa kidole. Vigingi kama hivyo nilikuwa nimevishika mara moja tu maishani, mgongoni mwa yule mwanamke wa tofaa, siku nilipomtengenezea kasha.

"Corliss," nikasema. "Ni mkono uleule."

Akaingiza mkono wake pale nilipomwonyesha. Kisha akakaa sakafuni na sketi yake nzuri.

"Mkeo anaumwa?" Arvilla akaniuliza.

Nikamwambia hapana, amefurahi.

"Basi watu wa mjini mnafurahi vibaya," akasema, akaenda kutuletea pai.

Njiani Corliss alinieleza. Tofaa la kwenye kifuniko watu wangebishana nalo, maana matofaa kila mtu alichora. Vigingi ndivyo vitamaliza ubishi. Lakini pale jumbani kila picha ina jalada lake, na neno lisiloandikwa na kutiwa sahihi jaladani, kwao halikusemwa. Akataka niandike nilichokishika, kwa mkono wangu. Akiandika yeye, watasema ameona alichotaka kuona.

Nikasema nitaandika kesho.

Mwandiko wangu ni mbaya, na herufi nazichanganya. Karatasi ya jaladani inasomwa na madaktari wa vitabu miaka mia. Niliwaona akilini wakicheka. Niliwaona wakicheka na kumtazama yeye.

Alinikumbusha mara nyingi. "Ile karatasi, mzee." Nami namjibu ipo njiani. "Inakuja kwa miguu?" aliniuliza siku moja, na tukacheka wote wawili. Tulipanga kurudi kwa Arvilla na filamu mpya majira ya kupukutika majani. Mwezi wa kumi nyumba ile ikaungua. Arvilla alitoka salama. Sanduku halikutoka.

Corliss hakunilaumu. Alikunja gazeti akasema, "Sasa umebaki wewe tu."

Baada ya hapo ilikuwa vigumu zaidi. Kila mwaka uliopita karatasi ile ilizidi kuwa nzito. Naye akaacha kuitaja. Nilijiambia amesahau. Corliss hakuwahi kusahau kitu.

Alipostaafu alikuwa tayari anakohoa. Kibandiko cha mwisho alikiandika kitandani, maneno sitini na nane. Kilianza na jina: Thirza Lamb, bila kitu mbele yake. Akanipa nisome. Nilisoma mpaka mwisho bila kukwama hata mahali pamoja.

"Safi," akasema. "Hakuna pa kufuta."

Alifariki mwezi wa tatu.

Aliyeshika nafasi yake ni Dakta Ingalls, binti mwenye adabu. Aliniita ofisini, akanipa kahawa. Akasema kibandiko cha Corliss kitawekwa, ila kamati imeongeza neno moja mbele ya jina la Thirza. Akalisema. Nikamwambia kuhusu vigingi.

"Jaladani hakuna vigingi, Bwana Stroupe," akasema taratibu. "Nimetafuta. Kuna picha za kifuniko tu."

Nikamwambia nitaandika sasa hivi, anipe kalamu.

Akatikisa kichwa. "Ningeikuta ya miaka ile, ingekuwa ushahidi wa fundi. Leo ni karatasi ya mgane anayemwandikia mkewe. Hawatakubali. Samahani."

Hakukosea. Nilimwomba kalamu hata hivyo, nikaandika pale pale mezani kwake, nusu ukurasa. Hakucheka. Aliiweka jaladani mbele ya macho yangu. Ilichukua dakika ishirini. Miaka yote ile, dakika ishirini.

Wiki iliyofuata nilipanda ghorofani kutazama. Mlinzi, Burdette, ananifahamu tangu zamani. Akaniuliza kama nimekuja kukagua ukuta au kupiga soga, kisha akaona uso wangu akaondoka. Mwanamke wa tofaa alikuwa mahali pake. Kibandiko kilikuwa kipya, cheupe, kimenyooka.

Nikakisoma kwa sauti, kama jikoni.

"Ina," nikasema. "Inadha."

Nikarudi mwanzo wa neno. Nikakwama palepale. Mfukoni nilikuwa na penseli yake. Nikabaki nimeishika humo mpaka Burdette alipokuja kuniambia wanafunga.