Kimya cha Kitanda cha Dirishani

Wagonjwa wa wodi ya akina bibi walimwita muuguzi wao Kasuku, na jina lilimkaa. Utamsikia tangu mlangoni: huyu kamuulizia wajukuu, yule kamtania kuhusu wachumba wa ujanani, na hapo bado hajashika kipimo cha joto. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya sista mkuu katika wodi ile. Kabla hujamgusa mzee, vuta kiti, kaa, muulize amelalaje na leo angependa kufanya nini.

"Nyonga haiji hospitali peke yake," sista mkuu alipenda kusema. "Inaletwa na mtu. Mtibuni mtu."

Asubuhi moja akaletwa bibi aliyeanguka bafuni akavunjika nyonga. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji, akapewa kitanda cha dirishani. Kasuku alisogea na kiti chake, akainama kumsalimia, akaliona kovu juu ya nyusi. Akakirudisha kiti ukutani.

Alikuwa shangazi yake, dada wa baba. Baba alipofariki, huyu ndiye aliyeshika nyumba. Mama alipougua figo, alimhamishia chumba cha uani na kukataza mtu asiingie, eti ataambukiza watoto. Figo, jamani! Sahani ilisukumwa mlangoni, dawa juu ya kifuniko, mlango ukafungwa. Mama akiita, shangazi alijibu kutoka jikoni, "Chakula unacho, dawa unayo. Unataka nini tena?" Mama hakufa kwa njaa. Alikufa kwa kukosa mtu.

Macho ya shangazi yalikuwa yameingia ukungu wa uzee, na Kasuku alivaa barakoa. Hakutambuliwa. Angeweza kumwambia sista mkuu, akapewa vitanda vingine. Hakusema. Mkuki kwa nguruwe mtamu, aliwaza, ngoja tuone.

Akamhudumia, tena vizuri. Alimwosha, akamgeuza ubavu kwa ubavu, akamkausha katikati ya vidole vya miguu, akamlisha uji usiounguza. Neno hakutoa hata moja. Kwenye vitanda vingine alicheka mpaka akashika mbavu. Akifika dirishani, mdomo unafungwa kama duka lililofiwa.

"We Kasuku," aliita bibi wa kitanda cha jirani, ambaye wenzake walimwita Redio, "huyu mwenzangu umemkatia umeme?"

"Anapumzika, bibi."

"Anapumzika nini! Maiti nao wanapumzika."

Shangazi akaanza kugeuzia uso ukutani. Uji ukawa unarudi. Wauguzi wa mazoezi walipokuja kumsimamisha, alilegea kama nguo iliyolowa. Kasuku alitazama, na roho yake ilitulia tuli. Utamu ule hakuwahi kuuonja, na hakuuonea haya.

Kisha sista mkuu akapita. "Huyu mbona hasimami? Akiendelea kulala hivi, kifua kitajaa. Tutamzika na nyonga iliyopona."

"Dawa amemeza, sista. Ameoshwa, amegeuzwa."

"Sikukuuliza amefanyiwa nini. Nimeuliza ana nini."

Jambo moja lilimchoma Kasuku. Bibi huyu akifa sasa, atakufa hajui ni nani aliyemnyima. Atakwenda zake kama mgonjwa yeyote, hana habari, hana deni. Hapana. Asiponyoke hivyo.

Alirudi na bakuli la mchana. Shangazi alisikia nyayo zake, akasema kwa sauti ya kuomba, "Mwanangu, niambie hata kama nje kuna jua."

Kasuku alivua barakoa. "Chakula unacho, dawa unayo. Unataka nini tena, shangazi?"

Mkono uliokuwa juu ya shuka ukakunjika.

"Wewe ni wa wifi yangu."

"Ndimi."

"Basi niache nife."

"Thubutu! Leo hufi. Shuka kitandani."

Akamwingiza mkono kwapani, akamsimamisha, akamshikisha fremu ya kutembelea, wakatoka kwenda ukumbini. Redio akapiga makofi: "Mnamwona Kasuku? Dakika moja tu kamfufua mtu!" Hakusikia kilichokuwa kinasemwa sikioni mwa shangazi. Kasuku alimweleza harufu ya chumba cha uani, na mkeka uliolowa. Alimweleza jinsi mama alivyokuwa akiita majina ya watu wa nyumbani, mmoja mmoja, kisha anaanza upya.

"Tupumzike," shangazi alihema.

"Bado. Mpaka mlango wa maabara."

Hakuweza kukimbia wala kuziba masikio. Mikono yote miwili ilishika fremu. Alilia huku akitembea, na Kasuku alimpangusa pua, kwa sababu ndiyo kazi, akaendelea kusimulia.

Kesho yake Kasuku alikuja amejiandaa kumburuta. Alimkuta ameshakaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikipapasa viatu sakafuni. Jambo hilo lilimuudhi kuliko alivyoweza kueleza.

"Yale majina," shangazi alisema. "Alikuwa anaanza na la nani?"

Kasuku alikuwa amelificha hilo kwa siku ya mwisho, mkuki wa mwisho. Akamwinua kwanza, akamweka sawa.

"Lako."

Shangazi alijirudisha nyuma kuelekea kitandani. Kasuku alimbana ubavuni asianguke, wala hakumruhusu kukaa.

"Piga hatua, shangazi. Ya pili nayo. Jina lenyewe aliliita hivi."