Vitunguu vya Mbegu vya Mama Mkwe

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Lakini mwaka ule mama mkwe wangu alinifanya nimeze maneno. Kipupwe kilikuwa kinaondoka Mpwapwa, majirani wote bondeni wamekwisha kupanda, na vitunguu vyetu vya mbegu bado viko kichanjani, vingine vimechipua, vingine vimeanza kulainika.

Hivyo si vitunguu vya kula. Unachagua vile vikubwa, unavikata kichwa, unavirudisha ardhini vitoe maua na mbegu ya mwakani. Ukichelewa, maua yanakutana na jua kali yanaungua. Mbegu ile mama mkwe aliipokea kwa mama yake, na bondeni hakuna mwingine aliyebaki nayo. Vikioza hivyo, basi, imekwisha.

Na katika ukoo ule mbegu haipandwi na mkono mwingine mwenye mbegu akiwa hai. Mwenyewe alikuwa kitandani, kiharusi kimemlaza mkono wa kulia. Kila nikimwambia, "Mama, msimu unatuacha," ananijibu, "Nisubirini, wiki ijayo nitainuka." Mume wangu naye, mwanawe wa kumzaa, kimya kama maji ya mtungi. "Mwache mama," ndiyo kauli yake. Wiki ijayo gani, jamani? Kila siku nilivipapasa vile vitunguu, nikatupa vilivyooza, nikarudi ndani roho juu.

Asubuhi moja nikashindwa. Nikachukua kisu, nikaketi mbele ya mlango wake makusudi, nikaanza kukata. Akasikia.

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna, Mama. Vinaoza. Utanisema vikishaota."

Nilingoja laana, huku naendelea kukata. Kisha akasema, "Nipelekeni."

Mume wangu alimbeba mgongoni hadi bondeni, tukamkalisha kando ya matuta. Zamu yetu ya maji ya mfereji ilikuwa inaishia saa sita, na vitunguu vile hupandwa udongo ukiwa umelowa. Akaanza kupanda kwa mkono wa kushoto. Kitunguu kikiegemea, anakitoa, anakirudia. Jua linapanda, yeye yuko na kile kile kimoja, mimi nasaga meno, natamani kumnyang'anya ndoo ya vitunguu. Kwa kweli nilimchukia, na papo hapo nilimhurumia.

Hata tuta la kwanza hajamaliza, jirani mwenye zamu inayofuata akatokea na jembe begani. Akatupita mimi na mume wangu kama walivyozoea majirani wote, maana mwenye shamba ni mama, akainama kwake.

"Shikamoo, mama. Nigeuze maji upande wangu, au bado mnapanda?"

Mama aliutazama mstari wake uliopinda, kisha mkono wa kulia uliolala mapajani.

"Marahaba. Mimi nimemaliza," akasema. "Muulize mkwe wangu. Vitunguu ni vyake."

Akamwambia mwanawe ambebe warudi nyumbani. Nikamwomba jirani anivumilie kidogo, akaweka jembe chini akakubali. Nikapanda huku machozi yanadondoka tutani, na sikuthubutu kugeuka kumtazama mama akiondoka.