Soda ya Sabuni kwenye Maharagwe

Mwanangu, kila nikisikia maharagwe yakichemka, naikumbuka siku moja ya vita, hapa mtaani kwetu Buyenzi, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na sita. Nilikuwa na haya sana. Nilimaliza shule ya msingi bila kuuliza swali hata moja.

Makaa yalikuwa adimu, kwa sababu njia za milimani yalikotoka zilikuwa na risasi. Ili maharagwe yaive upesi, tulitia maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Jirani yetu, Mzee Kasimu, alipika sabuni kwa mawese na soda ya sabuni, vile vipande vyeupe alivyovichota kwa kijiko kirefu.

Asubuhi ile aliniambia, "Majivu na hii soda ni jamaa moja. Wenye kusoma wanaita alkali. Jina lilitoka kwa Waarabu, al-qali, majivu ya mimea waliyochoma wapate sabuni."

Nilitaka kuuliza kama soda nayo inapika maharagwe. Nikainama, nikanyamaza.

Mchana milio ya risasi ilisogea kutoka mtaa wa Kamenge, na mama akaharakisha chakula. Majivu yalikuwa yamekwisha. Nikachota soda ya mzee bila ruhusa, nikatia. Sufuria ikatoa povu, ukingo wake ukageuka mweusi. Niliogopa, lakini maharagwe yalilainika, basi sikusema.

Mama akampakulia mdogo wangu Eriki, mtoto wa miaka minne. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Kijiko kilipokaribia midomo yake, nikakumbuka ule ukingo mweusi, nikaipiga sahani ikaanguka.

"We, unamwaga chakula? Leo tutakula nini?" mama alisema.

"Nilitia soda ya sabuni," nikanong'ona.

Mama akamkagua Eriki kinywani. Hakuwa ameonja. Mzee Kasimu alipoitwa, aliitazama sufuria, akakaa chini kwanza.

"Mi na mudogo wangu tuko wa mama mumoja," alisema. "Ye anabeba gunia mbili. Mi hata moja apana. Hii soda ingemuchoma mutoto koo. Asubuhi ulikuwa na swali, niliona. Mbona haukuuliza?"

Siku hiyo hatukula, na hata risasi sikuziogopa kama nilivyokiogopa kile kijiko kilichokaribia midomo ya Eriki.

Basi mwanangu, vitu vikiwa vya jamaa moja, usidhani vina nguvu moja. Uliza kabla hujatia mkono. Na ukikosea, sema papo hapo, hata kama sauti inatetemeka. Mungu akuondolee haya palipo na hatari, na wote watakaokula kwa mkono wako wainuke salama.