Kazi ya Kujificha

Kituo cha zimamoto kilimwajiri kupiga deki, na hakuna aliyemtajia mbwa. Siku ya kwanza alibeba ndoo yake hadi nyuma ya gereji ya magari, akasikia kitu kizito kikijitupa kwenye wavu wa chuma. Ndoo akaiacha pale pale, akarudi jikoni huku ameshika ukuta. Askari wawili waliokuwa wakinywa chai wakacheka, kisha wakamwona uso, mmoja akamvutia kiti.

Alikuwa mjane wa miaka arobaini na moja, mwenye binti mmoja wa sekondari na mama mzee aliyesikia nusu ya maneno na kuyajibu yote. Kituoni kila mtu alimwita Shangazi, hata Mkuu wa kituo aliyemzidi umri. Mbwa walimtisha tangu ana miaka minane, siku mbwa wa jirani alipomng'ata shavu la mguu akamburura hadi mtaroni. Tangu hapo, akimwona mbwa mbele yake barabarani alivuka upande wa pili. Na kama upande wa pili kulikuwa na mwingine, alirudi nyumbani, na alikokuwa anakwenda wakamsubiri.

Mwezi wa nne kazini, koplo aliyefundisha mbwa alimfuata stoo ya sabuni.

"Shangazi, nina shida na wewe."

"Ya kufua?"

"Ya kujificha."

Akamweleza. Mbwa wake walikuwa wa kutafuta watu waliofukiwa na majengo yaliyoporomoka. Ili wajifunze, lazima mtu ajifiche ndani ya kifusi na mbwa atumwe kumtafuta. Lakini askari wote walikuwa wameshazoeleka. "Wakimtafuta askari, wanamtafuta rafiki yao. Nataka harufu ya mtu mwingine."

"Koplo, mimi na mbwa ni paka na panya, na panya ni mimi."

"Hutakutana naye. Wewe ndani, yeye nje."

Angekataa. Ila wiki ile ile zilisikika habari kwamba kati ya wapiga deki wawili atabaki mmoja, na ilieleweka kwamba atakayebaki ni yule mwenye manufaa zaidi. Akakubali. Nyumbani alimwambia mama yake kwamba ameongezewa kazi ya kufua sare.

Uwanja wa mazoezi ulikuwa nyuma ya mabanda ya mbwa: lundo la kifusi lenye ukubwa wa nyumba tatu, vipande vya zege vyenye nondo zilizojikunja, mabati, milango iliyoungua, na chini yake mabomba mapana ya zege yaliyolazwa makusudi. Yeye alitambaa ndani ya bomba hadi kwenye nafasi ya ukubwa wa kabati lililolazwa, akavuta ubao nyuma yake, akabaki gizani na redio ya mkononi na mpira wa tenisi. Maficho yalikuwa manane. Alichagua mwenyewe bila kumwambia Koplo, kwa sababu Koplo akijua, macho yake yangemwonyesha mbwa njia.

Mbwa akimpata alitakiwa abweke, aendelee kubweka mpaka Koplo afike. Hapo ndipo Shangazi ampe mpira kupitia tundu lililoachwa kwenye zege, uwe zawadi yake. Koplo alisisitiza sana jambo la kubweka. Jengo likianguka kweli, alisema, mbwa anapotelea huko juu ya kifusi na mwenye mbwa hamwoni. Asipobweka, ni sawa na hajaona kitu.

Yote hayo Shangazi aliyaelewa. Tatizo lilikuwa mwili wake. Kwanza zilisikika kucha juu ya zege, kr, kr, zikienda na kurudi. Halafu pumzi. Halafu pua nyeusi yenye maji ikajaa kwenye tundu, shubiri moja tu kutoka usoni pake, na damu yake yote ikakimbilia mahali asipopajua. Siku za mwanzo alijikojolea mara mbili, akafua suruali yake kwenye bomba la maji kabla mtu hajamwona.

Kisha akagundua kwamba mpira unamaliza kila kitu. Pua ikitokea tu, akiusukuma mpira nje, mbwa anauchukua na kuondoka. Hapo anaweza kupumua. Basi akawa anautoa mapema, kabla mbwa hajafungua mdomo.

Kwa mbwa wakubwa haikuharibu kitu. Walishafundika zamani, walibweka tangu mbali. Lakini mwaka wake wa sita kazini aliletwa mbwa jike wa rangi ya majani makavu, bado hajafikisha mwaka, na askari mmoja akamwita Tulia kwa sababu alilala njia nzima ndani ya gari. Tulia alijifunza kazi yote kwa Shangazi. Alikuwa na pua ya ajabu. Alimpata ndani ya dakika tatu, akapewa mpira, akaenda zake kimya.

"Amebweka?" Koplo aliuliza redioni, akiwa hatua sitini mbali.

"Amebweka kidogo."

"Sijasikia."

"Labda upepo, Koplo."

Alisema hivyo siku ya kwanza, na siku ya pili, na baada ya hapo uongo ukazoea njia. Tulia alipopelekwa kwenye mtihani alimpata mtu kabla ya mbwa wengine wote, akaketi juu yake kama mwenye nyumba, asitoe sauti. Wakamfelisha. Koplo alikaa jikoni na kikombe kilichopoa mbele yake.

"Pua anayo, mdomo hana," alisema. "Akifeli tena wanamwondoa. Atafungwa mnyororo getini kwenye ghala fulani, basi. Wala sijui nilipokosea."

Shangazi alikuwa anakamua tambara. Akalikamua tena, ingawa lilishakauka. Alijua aliyekosea ni nani. Akijaribu kufikiri namna ya kusema, aliiona pua ile ndani ya tundu, na mpira mkononi mwake, na siku nyingi za kungoja bila kuutoa, na ulimi ukagoma.

Ikabaki wiki moja kabla ya mtihani wa pili. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na asubuhi ile ndipo ilipoacha. Shangazi alichagua ficho la chini kabisa, karibu na ukuta wa barabarani, kwa kuwa kucha zilichelewa kufika huko. Alikuwa ndiyo kwanza amejilaza aliposikia king'ora. Moto mahali fulani. Magari yote mawili ya maji yakatoka kwa kishindo upande wa pili wa ukuta, na ardhi ikatetemeka chini ya mgongo wake, kama ilivyotetemeka mara nyingi.

Safari hii haikuacha. Udongo uliokuwa umelowa siku tatu ukateleza chini ya lundo. Alisikia sauti kama ya mtu anayesaga meno, kisha mwanga mdogo wa mdomo wa bomba ukazimika, na kitu kikaukandamiza mguu wake wa kushoto kwenye zege. Redio ikamtoka, ikaingia kwenye ufa chini yake.

Alipiga kelele mpaka vumbi likamjaa kooni. Aliponyamaza, alisikia redio ikiongea chini, wazi kabisa.

"Shangazi, uko tayari?"

Aliingiza mkono kwenye ufa. Vidole viligusa ncha ya antena, havikuweza kuishika.

"Shangazi? Bonyeza uniambie."

Kisha sauti ya Koplo ikabadilika. "Shangazi, lundo limeshuka. Uko wapi? Sema uko ficho gani." Na mara nyingine tena, akiwa sasa anahema. "Gari haziwezi kurudi sasa hivi. Niko peke yangu. Namtuma Tulia."

Hapo ndipo hofu aliyoijua maisha yake yote ikapata nyingine kubwa kuliko yenyewe. Maji ya mvua yaliyokuwa yamejikusanya ndani ya lundo yalikuwa yamepata njia. Yaliingia taratibu, ya baridi, yakamlowesha nyonga, yakafika mbavuni. Aliinua kichwa, kikagonga zege. Kulikuwa na nafasi ya kiganja kimoja.

Akazisikia kucha. Zilikwenda mbali. Zikarudi. Kokoto zikamdondokea shingoni, na kwenye mwanya wenye upana wa kikombe, juu kidogo ya bega lake, ikatokea pua ya Tulia.

Mkono wenye mpira ulikwenda wenyewe. Ulishafika mwanyani ndipo akauona unachofanya. Akimpa, Tulia ataondoka na mpira wake, ajilaze mahali autafune, kazi imekwisha. Koplo atauona mpira na kujua kwamba mtu yuko hai. Hatajua wapi. Lundo lilikuwa la nyumba tatu na yeye ana mikono miwili.

Akaurudisha mpira kifuani.

"Sema," alimwambia mbwa. Sauti haikutoka vizuri.

Tulia alinusa. Akaingiza ulimi, akamlamba vidole, na Shangazi akafumba macho lakini mkono hakuuondoa. Yakafika meno. Yalimshika kidole cha shahada, si kwa kuuma, kwa kuvuta, jinsi mtu anavyovuta nguo ya aliyechelewa. Kovu la mguuni lilimwasha kana kwamba ni la jana. Bado mpira hakuutoa.

"Sema, Tulia. Sema, mama."

Mbwa akaondoka.

Maji yalifika kwapani. Yeye baadaye alisema kwamba hajui muda ule ulikuwa wa kiasi gani. Alimlilia mama yake, alimwita binti yake kwa jina la utotoni, alimtukana marehemu mumewe kwa kumtangulia. Kisha akausugua mpira kwenye zege, kwa nguvu, ukalia kama panya.

Kucha zikarudi mbio. Pua ikaingia, ikatoka, makucha yakaparua. Shangazi aliusogeza mpira karibu kabisa na mwanya, mbwa auone, kisha akauficha. Akausogeza, akauficha. Tulia alilia puani. Halafu akatoa kitu kama kikohozi.

"Hivyo hivyo. Tena."

Akabweka. Mara moja, kwa mshangao, kama aliyesikia sauti ya mtu mwingine. Kisha hakunyamaza tena.

Mwanga wa tochi ulifika kabla ya Koplo. "Shangazi, unanisikia?"

"Nakusikia. Koplo, nimpe?"

"Nini?"

"Mpira. Nimpe sasa?"

Mwanga wa tochi ukasogea hadi kwa Tulia. "Mpe," akasema.

Koplo alichimba mfereji kwa koleo na mikono ili maji yatoke upande mwingine, na hilo ndilo lililomwokoa. Askari walirudi na majeki yao baada ya saa moja na nusu. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjika sehemu mbili. Wodini mama yake alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye plasta ngumu ya mguuni.

"Ulisema unafua nguo."

"Ndiyo, mama."

"Nguo gani zinavunja mguu?"

Koplo alipokuja kumjulia hali, alimwambia yote, kuanzia mpira wa kwanza hadi uongo wa mwisho. Koplo alisikiliza huku anaangalia dirishani. Akaaga kwa adabu, akaenda, na kwa miezi miwili hakumsemesha zaidi ya salamu. Shangazi hakumlaumu.

Tulia alifeli mtihani wa pili, kwa kuwa alibweka akichelewa. Koplo alimwendea Mkuu na kumwombea nafasi moja zaidi, na kwenye mtihani wa tatu Tulia akafaulu. Mwaka uliofuata alimpata fundi mwashi chini ya ukuta ulioanguka, akiwa hai. Koplo alimletea Shangazi habari hiyo mwenyewe, jikoni. Shangazi alivuta kiti, akaketi, na deki ya siku ile ikamaliziwa na mtu mwingine.

Mguu wake una vyuma ndani na haukunji vizuri, kwa hiyo hajifichi tena. Analala mlango wazi, taa ya ukumbini inawaka, na binti yake ameacha kuuliza. Mbwa bado anawaogopa. Ila mabanda yao anayadeki sasa, kila siku saa nne asubuhi, na kabla hajafika Koplo huwatoa wote na kuwapeleka uwanjani.