Mzee Aliyegeuza Lango

Shida zangu zilianza mwaka 1990, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Baba alikufa bila kumwonyesha mtu mpaka. Kabla matanga hayajaisha, ndugu zake waling'oa mkonge wa mpaka wetu wakaupanda upya ndani ya shamba letu. Nilibaki na mahali pa kaburi na kibanda. Shule nilikuwa nimeachia darasa la nne. Kwa hivyo nilipopata kibarua katika ofisi ya upimaji Homa Bay, sikufuata mshahara peke yake. Nilitaka kujua mpaka ni kitu gani.

Siku ya kwanza, Saveya wa Wilaya, yaani mpima ardhi mkuu, mtu wa kutoka Voi asiyecheka ovyo, alinipa mnyororo wa chuma wa kupimia.

"Hii ni cheni," akasema. "Ukiilegeza hapa, mtu anaibiwa kule. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana Saveya."

"Basi vuta! Usiishike kama mkia wa ng'ombe wa jirani."

Nilivuta cheni miaka mingi. Nilifyeka njia kwa panga, nikashika mti wa rangi nyekundu na nyeupe huku yeye akichungulia darubini ya miguu mitatu, nikachimbia bikoni, yaani kile chuma cha pembeni kinachomwagiwa simiti. Lakini siku moja aliniita mezani nione ramani. Mto niliovuka maji yakinifika kifuani ulikuwa uzi mwembamba. Kilima kizima kilitosha chini ya kiganja changu. Nilitoa mkono haraka, nikiogopa kufunika nyumba za watu.

Baadaye tulihamishiwa Migori. Huko ndiko alikotujia Mzee Okelo wa Uriri, akikohoa, fimbo mkononi.

"Nataka mnigawie shamba kabla sijafa," akasema.

Ofisi nzima iligeuka kumtazama. Kwetu Wajaluo wakati ule, baba kugawa ardhi akiwa hai ilikuwa kama kujipimia kaburi.

"Mnaniangalia nini?" akauliza. "Nimezika ndugu watatu. Kila mmoja aliacha shamba na vita."

Alikuwa na wana watatu. Saveya alichora vipande vitatu virefu kutoka barabarani hadi mtoni, ili kila mmoja apate njia na maji. Cha katikati, chenye boma, kilikuwa cha Okoth, kitinda mimba, maana mdogo ndiye hubaki kwa baba. "Na mkubwa?" Saveya akaniuliza. Mimi, kichwa kimejaa ramani, niliweka kidole upande wa kushoto wa karatasi, pale mtu anapoanzia kusoma. "Huyu hapa." Bodi ya ardhi ikakubali kila jina na kipande chake.

Tulipomaliza kuchimbia bikoni, Ouma, mwana mkubwa, alisimama mlangoni kwa mama yake akatazama lango.

"Wewe mvuta cheni, umeniweka wapi?"

"Kule, upande wa magharibi."

"Lango la baba linatazama barabara, kaskazini. Magharibi ni kushoto! Mimi ni kifungua mimba, kwangu ni kulia. Wewe si Mjaluo?"

Otieno, wa pili, aliyepewa kulia, akacheka. "Sasa nikuite mdogo wangu? Njoo nikutume maji."

Ouma akaokota jembe. "Nikijenga huko nimejiletea chira," akasema, ile laana ya kuvuruga mpangilio wa ukoo. "Sitii sahihi!"

Kosa lilikuwa langu, na nilijua. Kubadilisha majina kulitaka kikao kingine cha bodi, mwezi uliofuata au zaidi, na kifua cha mzee hakikuwa na mwezi. Nilimwona baba yangu amelala pale, na mkonge unang'olewa.

Mzee Okelo aliangalia lango, akageuka akaangalia mto. Kisha akanyanyuka.

"Bikoni zikae," akasema. "Lango ndilo litahama. Lifungwe huku, lifunguliwe upande wa mto. Tukitazama mto, magharibi ni kulia, kwa Ouma."

Mkewe akashika kiuno. "Na nyumba yangu? Itatazama lango kwa kisogo?"

"Mlango wako pia utageuka, Min Ouma," akasema, yaani Mama Ouma.

"Miaka arobaini napika nikitazama barabara!"

"Sasa utatazama mto. Una samaki."

Mkewe akacheka huku machozi yanamtoka, akaingia ndani kutoa vyungu. Ouma aliangusha jembe, akachukua sururu, akawa wa kwanza kubomoa ukuta wa nyuma. Otieno akamfuata bila mzaha. Saveya alivua kofia. Mimi niliyeona kilima kwenye karatasi sikuwa nimeona kitu. Mtu mgonjwa aligeuza dunia yake nzima ili watoto wasikatane.

Mzee alitoka na wanawe kwa lango jipya kwenda kutia sahihi hati. Wiki tatu baadaye jeneza lake liliingia kwa lango hilo hilo. Matanga yalikwisha, na hakuna mkonge uliong'olewa.

Mimi nimestaafu mapema. Nina nyumba ya matofali Oyugis, ng'ombe watano, cheni kuukuu niliyopewa na Saveya, na ekari sita nilizonunua kwa jasho langu. Zina hati nne kwa majina manne ya wanangu, na la tatu ni la msichana. Kabla ya kuchimbia bikoni, niliwauliza wote lango liko wapi.