Fundi Pua na ndoo nane za mchanga

Saa mbili asubuhi, Fundi Pua amelala kifudifudi kwenye ua wa nyumba moja ya kupanga. Shavu limegusa sementi, na mkono wa kushoto umezama ndani ya chemba ya majitaka hadi begani. Hajagusa kitu bado. Ananusa.

"Hii ni ya jikoni," anatangaza bila kuinua kichwa. "Mafuta ya kukaangia yameganda. Choo hakina kosa hapa, msikisingizie."

Mama mwenye nyumba, ambaye tangu alfajiri amekuwa akiwalaumu wapangaji wake kwa kutupa matambara chooni, anaangalia pembeni. Wapangaji wanachekea viganjani. Nusu saa baadaye, waya wa kuzibulia unatoka bombani na donge jeupe la mafuta, kubwa kama kiatu.

Jina la Pua alipewa mtaani, likamganda. Hata kwenye simu ya mkewe ameandikwa hivyo hivyo. Ana miaka arobaini na mitano, mwembamba, mchache wa maneno. Maneno yote amemwachia mwenzake wa kazi, ambaye ni mdogo wa mkewe, pandikizi la mtu lenye sauti ya kuamshia kijiji.

"Shemeji huyu, chakula kinaungua jikoni hasikii," anasema pandikizi hilo huku likikunja waya. "Lakini choo cha nyumba ya tatu kikikohoa tu, ameshajua!"

Kuzibua na kutengeneza mabomba ya majitaka majumbani si kazi ya kujisifia kwenye harusi. Fundi Pua ameugua homa ya matumbo mara mbili. Ana kovu refu kwenye kiganja, la wembe ambao mtu aliutumbukiza chooni bila kufikiri kwamba kuna siku mkono wa mwenzake ungepita humo. Binti yake aliwahi kuandika kwenye fomu ya shule kwamba baba yake ni mhandisi wa maji.

"Sikumkemea," anasema. "Maji ni maji."

Katika miaka zaidi ya ishirini amekutana na mengi chini ya ardhi: meno ya bandia, pete ya ndoa, nyoka aliye hai. Hakuna lililomkosesha usingizi, mpaka Jumatano moja ya mwaka jana alipoitwa nyumbani kwa mwalimu mstaafu.

Mwalimu huyo anaishi na mkewe na mama yake mzazi, bikizee wa miaka themanini na kitu ambaye miguu ilimgomea miaka miwili iliyopita. Siku nzima hulala au kukaa kitandani. Shida aliyoitiwa fundi ilikuwa ya kawaida tu: choo kimejaa, maji hayashuki.

"Huwa kinaziba mara ngapi, mwalimu?"

"Kila baada ya wiki sita hivi. Wanakuja mafundi, wanazibua, wanaondoka. Nimekuwa mteja wao wa kudumu."

Fundi Pua alifunua chemba ya uani. Harufu ilikuwa hafifu mno, kana kwamba nyumba haina watu. Akateremsha mkono hadi chini, akaibuka na kiganja cha mchanga mwekundu.

"Na huu unatoka wapi?"

"Si ndio unaoziba! Wenzako huutoa kwa ndoo. Mwaka huu peke yake wametoa ndoo nane. Nimeumwaga bustanini, maua yameupenda kwelikweli."

"Nikacheka," anasimulia Fundi Pua. "Halafu kicheko kikakatika. Choo hakitoi mchanga. Sinki halitoi mchanga. Ndoo nane! Nikageuka, nikaitazama ile nyumba. Nikajiuliza, kama mchanga umetoka, huko ulikotoka kumebaki nini?"

Bomba la kutoka chooni kwenda chemba lilipita chini ya chumba kimoja tu, nacho ni cha mama wa mwalimu.

Alipobisha hodi, mke wa mwalimu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha chuma, akimlisha mama mkwe uji kwa kijiko. Fundi akasalimia, akaomba radhi, akapiga magoti. Akagonga sakafu kwa mpini wa nyundo karibu na mlango. Ko, ko. Sauti ya sakafu iliyoshiba. Akasogea hatua mbili, akagonga tena.

Bum.

"Kama pipa tupu," anasema. "Niliinua goti haraka, ungedhani nimekanyaga kaa la moto."

Alirudi kinyumenyume hadi kwenye ujia, akamnong'oneza mwalimu. Mwalimu alimkata jicho.

"Fundi, nyumba hii ina miaka ishirini na mmoja. Haijapata ufa. Nimekuita uzibue choo, usinitengenezee kazi nyingine."

"Nipe ruhusa nitoboe tundu la kidole hapa kwenye kona. Nikikuta udongo, nitaliziba bure na sitakanyaga tena hapa."

Mwalimu akakubali, shingo upande. Patasi ilipigwa mara nne. Ya tano ikapenya na nusura imtoke mkononi, na kutoka kwenye lile tundu ukapanda upepo wa baridi, mbichi, wenye uvundo wa miaka.

"Chumba kilinipumulia usoni," anasema, na hata leo akifika hapa anajifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

Akatumbukiza ufito wa kuzibulia. Mita moja ikaisha bila kugusa kitu. Akaunganisha wa pili. Nusu yake ilipozama ndipo ukagota kwenye tope.

Mwalimu aliuona ufito ukizama. Kitandani, kijiko cha mkewe kilikuwa kimesimama njiani, kati ya bakuli na mdomo wa mama.

"Mke wangu," mwalimu akasema, pole pole, kama anayesoma imla. "Usinyanyuke. Usitikise kitanda."

Shemeji akafika mbio kutoka uani. Fundi Pua akamzuia kwa mkono kifuani. "Wewe usiingie! Ukikanyaga humu tunakwenda wote." Shemeji akarudi nyuma hadi kwenye ujia.

Waling'oa milango miwili ya vyumba vingine na kuilaza sakafuni, kutoka kizingitini hadi kitandani, ili uzito usambae. Mke wa mwalimu alitoka kwanza, akitambaa. Alipofika kwenye ujia akaketi hapo hapo, bakuli bado mkononi.

Kisha fundi akatambaa kuingia. Alimshusha bikizee na shuka zake, akamlaza juu ya mlango. Mwalimu na shemeji wakaanza kuvuta shuka kutoka nje, shubiri kwa shubiri.

"Mnaniburuta kama gunia la mkaa!" bikizee akafoka. "Mwanangu, ni wewe uliyewapa ruhusa hii?"

"Ni mimi, mama. Nakuomba, uje tu."

"Na nguo gani hii ya kunitoa nayo nje?"

Walimbeba hadi uani, wakamweka kwenye kiti chenye mito. Waliketi wote wanne kumzunguka, wakihema, jasho likiwatiririka, kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake. Mwalimu alikuwa ameanza kusema kwamba labda wameharakisha mno, labda wangengoja waje watu wenye ujuzi zaidi.

Hakumaliza. Ndani ya nyumba kulisikika mlio kama wa mtu anayemeza funda kubwa. Halafu kishindo.

Walipofika mlangoni, chumba hakikuwa na sakafu. Kitanda cha chuma kilikuwa kimetua chini shimoni, kimesimama wima kwa miguu yake minne, kikizama taratibu kwenye tope jeusi. Mto ulikuwa bado mahali pake, na umebonyea pale kilipokuwa kichwa.

Mke wa mwalimu alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mwalimu akashika fremu ya mlango, akawa anarudia neno moja tu: "Uji. Alikuwa anakunywa uji. Uji."

Mtaa mzima ulijaa. Fundi Pua alipigwa mgongoni, akakumbatiwa, akaitwa malaika. Alirudi nyumbani usiku ule na sifa zake, akamsimulia mkewe, wakashukuru. Kwake yeye mkasa ulikuwa umekwisha.

Baada ya siku mbili, kuta zilipokwisha kuegemezwa kwa magogo na bomba kufungwa, aliteremka shimoni kwa ngazi kutafuta mahali palipovuja. Hakuhangaika. Chini ya katikati ya chumba, mabomba mawili ya inchi nne yalikuwa yameachana kwa upana wa ngumi. Kila mara choo kilipovutwa, maji yalimomonyoa udongo pale na kuukokota hadi chemba.

Kiungio kama kile hukazwa kwa pete ya mpira. Hapa haikuwepo. Kulikuwa na mabaki ya mfuko wa saruji uliosokotwa kama kitambaa, na juu yake waya.

"Niliutazama ule waya," anasema. Kisha anakwangua saruji iliyokauka kwenye ukucha.

Waya ulikuwa umezungushwa mara tatu, ncha yake ikakunjwa na kuchomekwa chini ya mzunguko wa kwanza. Na ulikuwa umezungushwa kinyume, kama anavyozungusha mtu wa mkono wa kushoto.

"Nikanyoosha mkono wangu, nikaufuata ule waya kwa kidole. Kidole kilijua njia. Ni kazi yangu. Bomba lile nililaza mimi."

Shemeji yake, aliyekuwa ameshika ngazi juu, alimwona amekaa kwenye tope, mdomo wazi. Akadhani amepigwa na hewa chafu. "Nilimng'oa mle shimoni kama muhogo," anasema, na safari hii hacheki. "Namtikisa, namwita. Anasema tu, 'Ni mimi, shemeji. Ni mimi.'"

Miaka ishirini na mbili iliyopita alikuwa kibarua wa miaka ishirini na mitatu, chini ya fundi mmoja mkubwa ambaye sasa ni marehemu. Walilaza mabomba kwenye viwanja vitupu. Hapakuwa na kuta, hapakuwa na mageti, wala mtaa haukuwa na jina, na ndiyo sababu hakuitambua nyumba. Siku moja pete za mpira zilikwisha, na zege la sakafu lilikuwa linasubiri. Kijana aliuliza wafanyeje.

"Bosi akaniambia, 'Funga na mfuko, piga waya, mwaga zege. Nani atakwenda kutazama?' Nikafunga. Niliona hata nimefunga vizuri."

Shemeji alimsihi anyamaze. Watu wanamwita malaika, kwa nini ajichongee? Fundi Pua alinawa mikono kwenye bomba la uani, akaenda kumwambia mwalimu.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. Hakupaza sauti. "Nenda nyumbani kwako," akasema. "Nisikuone."

Siku tatu zilipita. Fundi hakula wala hakutoka kwenda kazini. Siku ya nne simu ikalia, na aliyepiga alikuwa mke wa mwalimu. Mama mkwe alikuwa amesikia habari yote kupitia ukutani, na akauliza maswali mawili.

"Ndiye aliyenitoa?"

"Ndiye, mama."

"Na ndiye aliyeharibu?"

"Ndiye."

"Basi aje afukie. Mimi nataka chumba changu."

Alifukia, yeye na shemeji yake, kwa siku kumi na moja. Udongo ulishindiliwa tabaka kwa tabaka, bomba likawekwa jipya, zege likatiwa nondo. Mwalimu alikuja kila siku, akasimama mlangoni, akahesabu pete za mpira moja moja kabla hazijafunikwa. Hadi leo hawajawa marafiki. Wanasalimiana.

Lakini pete zile zilikwisha siku moja tu? Swali hilo alijiuliza mwenyewe. Yeye na mkewe waliketi na daftari wakajaribu kukumbuka kila kiwanja alichofanya kazi mwaka ule. Walipata kumi na moja, pamoja na kile cha mwalimu.

Tangu hapo, kila apatapo Jumapili ya nafasi huenda kwenye nyumba mojawapo na kubisha hodi. Hueleza yeye ni nani na alifanya nini. Humwaga maji ya rangi chooni, husubiri chembani, huangalia kama yaliyoingia ndiyo yanayotoka. Amepima saba. Mbili zilikuwa na mfuko na waya, akazitengeneza. Mwenye nyumba mmoja mwanzoni alimfukuza akidhani ni tapeli. Mwingine, mama mjane, alimsikiliza, akalia, kisha akamshikilia mkono asiondoke kabla hajamaliza kugonga sakafu yote.

Mkewe anasema tatizo ni masika. "Tone la kwanza likigonga bati, huyu ameshakaa kitandani. Anazihesabu zilizobaki."

Zimebaki tatu. Jumapili iliyopita alikwenda kwenye mojawapo, akakuta siku hizi ni shule ya watoto wadogo. Juu ya mstari wa bomba pamepangwa viti ishirini na sita vya rangi, vifupi kama ndoo. Aligonga. Sakafu ilijibu kwa sauti nzima. Hakuiamini. Alifunua chemba, na chini yake akakuta mchanga, si mwingi, wa kujaza kikombe.

Mwalimu mkuu wa shule hiyo hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Jumatatu asubuhi watoto walisomea uani, chini ya turubai, na chumba kikafungwa kwa kufuli. Jumamosi hii sakafu itavunjwa. Pete za mpira zimeshanunuliwa, na shemeji mtu ameapa kuzihesabu mwenyewe.

Baada ya hapo zitabaki mbili. Fundi Pua anataka azimalize kabla ya mvua kubwa, kisha aanze kuwafundisha vibarua vijana bila malipo namna ya kulaza bomba, na namna ya kumkatalia bosi.

Na yeye mwenyewe anatamani nini? Anafikiri, akiviringisha waya wake kwa mkono wa kushoto.

"Nataka inyeshe usiku," anasema, "nami nisikie mvua tu."